Hadithi za bibi, sehemu ya 4: Usimvike bibi khanga ambayo haijafika

Nesi wenu wa Sindeni nimerudi. Leo sina hadithi mpya, nina masahihisho.

Sehemu ya 3 niliwapa hadithi ya kubuni ya binti wa Kizigua wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830. Wengi mliwasomea watoto, nashukuru sana. Lakini siku ya kliniki, bibi mmoja aliyemleta mjukuu kupimwa uzito akaniambia taratibu, "Mwanangu, hadithi nzuri. Ila huyo binti umemvika khanga. Wakati ule khanga ilitoka wapi?"

Jamani, niliona aibu! Nikarudi nyumbani nikaanza kukagua, na nikakuta makosa ya aina tatu. Nawaeleza ili na wewe ukimtungia mwanao hadithi ya zamani usiyarudie.

Kosa la kwanza ni vitu ambavyo havijafika. Khanga tunazozijua zilianza pwani kwenye nusu ya pili ya karne ya 19. Nguo ya biashara iliyokuwa inaingia miaka ile ya 1830 ni merikani, na jina linakwambia ilikotoka. Mwaka 1833 Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Seyyid Said, na meli za Salem zikawa zinaleta pamba hiyo Zanzibar. Huku bara ilikuwa inatumika hata kama pesa. Miaka michache baadaye, Wamarekani wengine walikuwa kwenye magari ya ng'ombe wakielekea magharibi, zile enzi tunazoziona kwenye sinema za farasi. Kumbe ni nyakati zilezile.

Nilikuwa nimeweka pia shamba la mkonge. Mkonge uliletwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, na treni ilifika Korogwe mwaka 1902. Halafu, mimi nesi mzima, kaka yake binti nikampa funza miguuni! Funza hawa walivuka bahari kutoka Brazil, wakafika Angola mwaka 1872, ndipo wakasambaa hadi huku kwetu kwenye miaka ya 1890. Mtoto wa miaka ya 1830 hakuwajua. Alichokijua, na alichokiogopa, ni ndui.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: nilimfanya bibi mjinga. Mtoto alishikwa na homa, nikaandika bibi akasema ni upepo mbaya. Nilidhani ndivyo historia ilivyo, maana kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba Ronald Ross ndiye aliyethibitisha habari ya mbu na malaria, mwaka 1897 kule India.

Lakini sikilizeni hii. Miaka hiyohiyo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa huku kwetu. Aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walijua kuwa wakishuka bondeni wanarudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu. Jina la mdudu na jina la ugonjwa ni moja. Walisema mbu wa bondeni ndio wanaowapa. Hawakuwa na hadubini, walikuwa na macho na kumbukumbu. Bibi wa milimani kwenye hadithi anaweza kabisa kusema, "Usilale kule bondeni, kuna mbu," na ikawa kweli tupu. Usipunguze akili za wazee ili hadithi ionekane ya kale.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma. Niliandika sentensi moja fupi: "Wazazi wakawauza watoto." Basi. Wiki iliyofuata, kwenye foleni ya chanjo, nikamsikia mtoto anamwambia mwenzake, "Nyie ndio mliouzwa." Sijui alilitoa wapi. Sikutaka kujua kama ni kwangu.

Njaa ile ilikuwa hivi. Wapo waliowekwa rehani kwa chakula. Wapo walioahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi kwa hiari yao, wakashushwa pwani ya Somalia na kuuzwa. Mama aliyemwachia mtu mwanawe alikuwa anachagua kati ya kumwona akifa na kumwona akiondoka. Wewe unayeijua kadi ya kliniki, unayejua moyo unavyofanya mstari ukishuka miezi miwili mfululizo, wewe unaweza kumwandika yule mama. Usimhukumu kwa sentensi moja.

Na hadithi haikuishia sokoni. Masimulizi ya Wazigua wa Somalia yanasema mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliwaongoza kutoroka. Walijenga vijiji kwenye misitu ya Mto Juba, wakakilinda Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya 1991 vikawatawanya tena. Zaidi ya 10,000 wa jamii za Kibantu za Somalia walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Wengine walirudi hukuhuku, wakapewa makazi Chogo, wilaya yetu ya Handeni. Kwa hiyo yule mtoto kwenye foleni alikuwa anamtukana ndugu yake.

Ukimtungia mwanao hadithi, jiulize mambo matatu. Hiki kitu kilikuwa kimefika? Huyu mtu alijua nini kwa macho yake mwenyewe? Na mjukuu wake akiisikia leo, atanitazama vipi? Usiweke pia mwisho wa safari mdomoni mwa msafiri. Binti anayepanda jahazi hajui anakwenda Somalia, anajua tu kwamba ameahidiwa chakula. Mwache na matumaini yake, msomaji ndiye atakayelia.

Hadithi ya binti nimeiandika upya, nitaiweka sehemu ya 5. Hana khanga, na mama yake ana jina.

Mpaka hapo, muulize bibi yako aliitaje homa kabla ya kusikia neno malaria, niandikie hapa chini. Na usiku watoto walale ndani ya chandarua. Wale wazee wangekipata, wasingekiacha kikunjwe juu ya kabati.