Kompyuta au fomu? Nusu karne ya kupima zana za tiba

Mgonjwa kafika usiku, kashika tumbo. Ni kidole tumbo, ni kidonda kilichotoboka, au ni maumivu yatakayopita yenyewe? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tim de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, waliipa kompyuta swali hilo. Daktari alimhoji mgonjwa, akampapasa, akajaza fomu maalumu. Majibu yakaingizwa katika mashine ya chuo kikuu, nayo ikakokotoa uwezekano wa kila ugonjwa kwa kutazama wagonjwa waliotangulia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: kwa wagonjwa 304, kompyuta ilipatia asilimia 91.8, daktari mwandamizi wa timu asilimia 79.6.

Wasimulizi wengi huikatia hadithi hapo, ilhali utamu wake uko mbele. Jaribio likiendelea, madaktari wenyewe walizidi kupatia, na wagonjwa ambao kidole tumbo kilipasuka kabla ya upasuaji wakapungua. Jaribio lilipokwisha, madaktari wakashuka tena. Basi nani alikuwa akiwaokoa wagonjwa? Kompyuta, au fomu iliyomlazimisha daktari kuuliza kila swali, kisha akaambiwa alipatia au alikosea? Swali hilo limewafuata wapimaji wa zana hizi tangu wakati huo.

Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilikuwa na programu ya MYCIN. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1979, majaji walisoma mapendekezo ya dawa za homa ya uti wa mgongo bila kujua lipi la mtu na lipi la mashine. Mapendekezo ya MYCIN yalikubalika kwa asilimia 65, na hakuna daktari aliyeipita. Hata hivyo haikuwahi kuingia wodini.

Michezo ya kompyuta ilileta mtego mwingine, kwani mtoto akichangamka sisi watu wazima huona tayari amenufaika. Waliotengeneza Re-Mission, shirika la HopeLab la California, waliukwepa vizuri. Katika mchezo huo, roboti ndogo iitwayo Roxxi husafiri ndani ya mwili ikishambulia seli za saratani. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29 katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia. Kundi la kulinganisha lilipewa mchezo wa kawaida wa Indiana Jones. Vijana walipoulizwa kama wanameza dawa ipasavyo, makundi hayakutofautiana. Lakini chupa za antibayotiki zilikuwa na vifuniko vya kielektroniki vilivyorekodi kila zilipofunguliwa, na hivyo ndivyo vilivyoonyesha kwamba waliocheza Re-Mission walishika dozi vizuri zaidi. Wangeamini maneno matupu, wasingeona kitu.

EndeavorRx, mchezo ulioruhusiwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye tatizo la umakini, una ushahidi mwembamba zaidi. Katika jaribio la watoto 348, kipimo cha umakini cha kompyuta kilipanda. Dalili ambazo wazazi waliziona zilipungua pia, ila zilipungua vivyo hivyo kwa watoto waliopewa mchezo wa maneno. Mimi nisingeuita dawa kwa ushahidi huo.

Afrika Mashariki ina mfano bora. Kati ya 2014 na 2016, vituo tisa vya Dar es Salaam vilijaribu ePOCT, programu ya kishikwambi inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua kumtibu mtoto mwenye homa, ikisaidiwa na vipimo vya papo hapo. Watoto 3,192 walifuatiliwa. Hadi siku ya saba, tiba ilishindwa kwa asilimia 2.3 ya waliotibiwa kwa ePOCT, dhidi ya 4.1 kwa waliotibiwa kwa mwongozo wa kielektroniki uliotangulia. Waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, dhidi ya 29.7.

Mwaka 2025 zikaja habari za kliniki 15 za Penda Health, Nairobi, ambako utafiti wa ziara 39,849 ulilinganisha wahudumu ambao maamuzi yao yalikaguliwa na akili unde na wale wasiokuwa nayo. Kwa waliokuwa nayo, makosa ya utambuzi yalikuwa machache kwa asilimia 16. Kupona kwa wagonjwa, kwa maelezo yao wenyewe, hakukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa.

Anayekuja kuziuzia zahanati zetu zana ya namna hii aulizwe mambo mawili: wangapi walikuwa wamepona siku ya saba, na wamelinganishwa na nani.