Alfred Gilman na siri ya kuharisha kwa kipindupindu

Kipindupindu kinaweza kumkausha mtoto maji mwilini ndani ya saa chache. Mmoja wa wataalamu ambao kazi yao ilisaidia kueleza kwa nini ni Dkt. Alfred Goodman Gilman wa Marekani.

Maisha na kazi yake

Gilman alizaliwa mwaka 1941. Baba yake alikuwa mtaalamu wa famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Gilman naye aliifuata fani hiyo. Alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia, na mwaka 1981 akahamia Dallas kuongoza idara ya famakolojia ya UT Southwestern. Mwaka 1994 alipata Tuzo ya Nobeli ya Tiba pamoja na Martin Rodbell. Baadaye alikuwa mkuu wa shule ya tiba ya chuo hicho hadi 2009. Alifariki mwaka 2015.

Aligundua nini?

Homoni na dawa nyingi haziingii ndani ya seli. Hubisha hodi nje tu. Gilman na wenzake waliipata protini inayopokea ujumbe huo na kuufikisha ndani. Inaitwa protini G. Ikimaliza kazi, hujizima yenyewe.

Sumu ya kipindupindu huizuia isijizime. Seli za utumbo huendelea kumwaga chumvi na maji, na mtoto huharisha choo kama maji ya mchele.

Kwa nini ORS husaidia?

Sumu hiyo haizibi njia nyingine ya utumbo, ambayo sukari na chumvi hupitia pamoja kurudi mwilini huku zikivuta maji. ORS ina vyote viwili. Maji matupu hayatoshi.

Mtoto akiharisha

- Changanya ORS na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya ziwa yachemshe kwanza, yapoe.
- Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu.
- Endelea kumnyonyesha.
- Mwulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki.

Mwahishe kituo cha afya ikiwa anaharisha maji mengi mfululizo, macho yamebonyea, amelegea, hakojoi au hawezi kunywa. Kama mnavuka kwa mtumbwi kutoka kisiwani kuja hospitali ya Nansio, beba ORS iliyokwisha kuchanganywa, umpe njiani. Usisubiri mfike.