Leseni Huru na Ukataji wa Maneno ya Kicheki

Katika Kicheki konsonanti huweza kushika kazi ya irabu. Neno vlk, yaani mbwa mwitu, ni silabi moja, wala halikatwi mwishoni mwa mstari. Bali vrba, jina la mti, hukatwa vr-ba, kwani r yabeba silabi kama m ibebavyo katika mtu. Tena ch ni herufi moja, haitenganishwi. Mpanga chapa huyajua hayo kwa mazoea. Kompyuta hapana budi ifundishwe.

Njia ya kuifundisha ilielezwa na Franklin Liang katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1983: vipande vya herufi vyenye tarakimu za kuruhusu au kukataza kistari. Vipande vya Kicheki vya Pavel Ševeček, toleo la 1995, vimetolewa chini ya leseni ya GPL, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1989.

Leseni hiyo yampa kila mtu haki ya kutumia, kunakili, kurekebisha, hata kuuza. Sharti ni kwamba atoaye kazi iliyorekebishwa aitoe kwa haki zile zile. Ndipo kamusi iliyotungwa kwa ajili ya TeX, programu ya Donald Knuth ya kupanga chapa, ilipoweza kuhamia katika OpenOffice.org, kisha LibreOffice.

Lugha ni mali ya wasemaji wote, lakini kamusi ina mwenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki, kunyamaza si kuruhusu: mtunzi asiyeandika ruhusa huwafungia mlango hata wale aliokusudia kuwasaidia.