Simu za intaneti katika biashara (Turkana)

Simu ya intaneti hukata sauti vipande vidogo vya data, huvisafirisha mtandaoni na kuviunganisha tena upande wa pili. Katika kaunti ya Turkana umuhimu wake kibiashara unaonekana wazi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, takriban kilomita 120 kutoka mji wa Lodwar. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa 2018 ulikadiria biashara zaidi ya 2,000 hapo. Wenye maduka wengi ni Wasomali, Wakongo na Waethiopia wenye jamaa ng'ambo, na kwao simu ya WhatsApp, iliyoanza 2015, ni nafuu kuliko simu ya kimataifa.

Adui mkubwa ni ucheleweshaji. Kupitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani, sauti huchelewa karibu robo sekunde kila upande, na wazungumzaji hukatizana. Huduma ya intaneti ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo kilomita 550 hivi tu, hivyo sauti huchelewa kidogo sana. Kwa mfanyabiashara wa mifugo wa sehemu za mbali kama Kaaleng, kaskazini mwa kaunti, tofauti hiyo ni kubwa: bei ya mbuzi hupatanwa kwa kusikilizana, mradi paneli ya jua imeijaza simu chaji.