Istiqama Ndiyo Njia ya Uimamu

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita umezoea wapitaji. Mgodi wa Geita, ulioanza miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya, watu wakamiminika tena. Katika kambi ya wageni watupu, nani atangulizwe kuswalisha?

Imamu Bukhari amepokea kisa cha Amri bin Salima (r.a.). Kabila lake lilikaa penye maji, njia ya misafara. Wapitaji walipotaja yaliyoteremshwa kwa Mtume (s.a.w.), yeye akiyahifadhi, kidogo kidogo. Makka ilipofunguliwa, mwaka 8 Hijria, watu wake walisilimu, wakatafuta mwenye Qur-ani nyingi zaidi. Hawakumpata ila yeye, mtoto wa miaka sita au saba, wakamtanguliza. Mashafii wameishika hadithi hii katika kujuzisha uimamu wa mtoto mwenye kupambanua. Mahanafi hawaujuzishi katika swala ya faradhi.

Ama sisi, tuzingatie namna alivyoupata. Wachimbaji wanajua kuwa tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu. Basi mwenye kuhifadhi aya moja kila Alfajiri kabla ya kushuka duarani asiidharau. Wallahu aalam.