Vinyago vya Wahopi na Nyumba ya Mvua

Kaskazini-mashariki mwa Arizona, nchini Marekani, juu ya vilima vitatu vyenye vilele bapa, wanaishi Wahopi, wakulima wa mahindi katika nchi kame. Riziki yao hushuka na mvua, na mvua, kwa itikadi yao, huletwa na katsina, viumbe wa kiroho wenye makao katika milima ya San Francisco, karibu na mji wa Flagstaff. Katsina huja vijijini wakati wa baridi, wakacheza ngoma pamoja na watu, hata ufikapo mwezi wa Julai wakaagwa kwa sherehe iitwayo Niman.

Wageni hao hawaji mikono mitupu. Huwatunukia watoto wa kike vinyago viitwavyo tithu, kila kimoja kikiwa na sura ya katsina mmoja kati ya mamia. Huchongwa kwa mzizi wa mti uotao kandokando ya maji, mzizi ambao umri wake wote umeyatafuta maji ardhini. Basi hata mti wenyewe ni dua. Rangi nazo husema: manjano ni kaskazini, buluu magharibi, nyekundu kusini, nyeupe mashariki. Kinyago hutundikwa ukutani, mtoto akakitazama na kujifunza. Kukiita mwanasesere, kama walivyozoea wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ni kukivua heshima yake.

Tithu huuzwa, na wako wachongaji wa Kihopi wanaoishi kwa soko hilo. Ama barakoa za ngoma ni jambo jingine kabisa. Wahopi huzihesabu kuwa na uhai, wala si mali ya mtu mmoja hata aziuze. Walakini mwezi wa Aprili 2013 zilinadiwa Paris zipatazo 70, baada ya mahakama kukataa kuuzuia mnada. Desemba mwaka huo taasisi ya Annenberg ilinunua huko huko vitu vitakatifu 24, vya Wahopi vikiwa 21, kwa dola 530,000, ili virudishwe kwa wenyewe. Wema huo haukanushiki, ingawa ulilazimika kulipia kisichokuwa na bei. Sheria ya Marekani ya kuzuia vitu vya namna hiyo visitolewe nchini ilitiwa saini mwaka 2022 tu.

Na milima yenyewe? Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilitupilia mbali malalamiko ya Wahopi na jirani zao, ikaruhusu theluji itengenezwe huko kwa maji taka yaliyosafishwa, ili watu wapate kuteleza.