Breki za Prius ya zamani: kinachoharibika, na maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kubadilisha

Msikilizaji wetu wa Kibosho ametuandikia kwamba Prius yake imeanza kutoa mlio usiokatika, na taa za breki, ABS na VSC zinawaka pamoja kwenye dashibodi. Fundi alibadilisha pedi za breki, taa zikabaki. Akabadilisha mafuta ya breki, taa zikabaki. Anauliza: naweza kushuka nayo mjini Moshi kutafuta fundi mwingine?

Jibu letu ni hapana, asishuke nayo. Hapa chini tunaeleza sababu, na nini kifanyike.

Breki hizi zinafanyaje kazi?

Katika gari la kawaida, mguu wako unasukuma mafuta ya breki, na busta inakuongezea nguvu kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini. Gari la haibridi huzima injini mara kwa mara likiwa barabarani, kwa hiyo haliwezi kutegemea njia hiyo.

Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, na ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2009, zina pampu ya umeme inayojaza mafuta ya breki kwenye tungi dogo la chuma lenye gesi ya nitrojeni. Shinikizo lililomo ni zaidi ya mara 50 ya upepo wa tairi. Ukikanyaga pedeli, kompyuta inapima umekanyaga kiasi gani, kisha inafungua vali na kupeleka nguvu kwenye magurudumu.

Kazi nyingine ya kupunguza mwendo inafanywa na mota ya umeme, ambayo huzalisha umeme na kuchaji betri kubwa. Ndiyo maana pedi za haibridi huchelewa kuisha.

Kinachoharibika

Gari likizeeka, tungi au vali huanza kuvujisha shinikizo kwa ndani. Huoni tone chini ya gari. Dalili yake ni sauti: pampu ambayo kwa kawaida husikika sekunde chache unapofungua mlango wa dereva, sasa inawaka kila unapokanyaga breki, au kila baada ya muda mfupi hata gari likiwa limesimama. Baadaye zinakuja taa na mlio.

Fundi akipima kwa mashine, mara nyingi hukuta kodi C1391, C1252 au C1256. Zote zinahusu shinikizo au pampu. Pedi mpya haziwezi kuziondoa.

Shinikizo likiisha kabisa, gari halikosi breki zote. Nguvu ya mguu wako inapelekwa moja kwa moja, hasa kwenye magurudumu ya mbele, bila msaada wowote. Pedeli inakuwa ngumu na gari linachukua umbali mrefu kusimama.

Kwa nini huku kwetu ni hatari zaidi

Lango la Marangu liko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni chini ya meta 1,000. Ukishuka mteremko mrefu kiasi hicho, betri ya Prius, ambayo ni ndogo, inajaa kabla hujafika chini. Ikijaa, mota haiwezi tena kuchaji, na mzigo mkubwa unarudi kwenye breki za kawaida, zile zile zenye tatizo.

Kwa gari zima, shuka ukiwa gia ya B. Injini itasaidia kulizuia gari hata betri ikiwa imejaa. Usishuke na gia ya N, au "fri" kama tunavyosema barabarani. Ukiwa N, mota haichaji na injini haizuii, kwa hiyo breki zinabeba kila kitu.

Taa zikiwaka uko katikati ya mteremko, kanyaga pedeli kwa nguvu na uishikilie. Usikanyage na kuachia mara nyingi, kwa sababu unamaliza shinikizo lililobaki. Weka B, punguza mwendo, toka barabarani, kanyaga breki ya kuegesha na weka mawe kwenye magurudumu. Gari hilo lisivutwe kwa kamba. Libebwe juu ya gari lingine, magurudumu ya mbele yasizunguke.

Angalia namba ya chesisi

Juni 2013 Toyota ilitangaza kuyaita magari takriban 242,000 duniani, Prius na Lexus HS250h yaliyotengenezwa mwaka 2009, ili yarekebishwe bila malipo. Kizuizi kinachotenganisha gesi na mafuta ndani ya tungi kingeweza kupasuka, gesi ikaingia kwenye mafuta ya breki.

Magari mengi tunayotumia yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Namba ya chesisi ya Prius ya kizazi cha pili huanza na NHW20, ya tatu huanza na ZVW30. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba hiyo na kuona kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji akuonyeshe.

Maswali ya kumuuliza fundi

Je, una mashine inayoongea na kompyuta ya breki za Toyota? Baada ya kufunga kifaa kipya, kutoa upepo kwa kukanyaga pedeli peke yake hakutoshi. Mashine ndiyo inayoamuru pampu na vali wakati wa kutoa upepo, kisha inaifundisha kompyuta kifaa kipya. Kama hana, kazi hiyo si yake.

Je, utaondoa shinikizo namna gani kabla ya kufungua? Pampu inaweza kuwaka yenyewe mlango wa dereva ukifunguliwa, hata gari likiwa limezimwa. Fundi mwenye uzoefu huzima mfumo, hutenga betri ndogo ya volti 12 na kumaliza shinikizo kwanza. Akiruka hatua hizi, mafuta yanaweza kumrukia machoni.

Spea inatoka wapi? Mpya ni ghali, na wengi hununua iliyotumika. Hakikisha imetoka kwenye gari la aina na kizazi kile kile. Kumbuka inaweza kuwa na umri sawa na uliyoitoa. Kama matundu ya mabomba yaliachwa wazi na vumbi limeingia, iache. Kubalianeni mapema nani atabeba gharama ikigoma.

Usikubali kufuta kodi tu ili taa zizime. Ubovu unabaki, na dereva anapoteza onyo lake.

Kifaa cha zamani bado kina gesi yenye shinikizo. Kisikatwe, kisichomwe moto, na usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu bila kumwambia.

Msikilizaji wetu wa Kibosho tumemshauri aliache gari lilipo, atafute kwanza fundi mwenye mashine, kisha gari libebwe hadi kwake.

Kila Desemba ndugu zetu wanakuja kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na siku hiyo hiyo wanapanda hadi vihambani. Kama mwanao anakuja na haibridi ya zamani, mpigie leo. Muulize kama pampu ya breki inalia mara kwa mara. Akisema ndiyo, alipeleke kwa fundi huko huko, kabla ya safari.